Milango Ishirini na Miwili ya Bluu

Asubuhi ya leo nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, nasugua kucha zangu kwa pamba iliyolowa mafuta ya taa. Rangi ya bluu ilikuwa imeingia mpaka kwenye pembe za kucha, kule ambako hata sindano haifiki. Nilikuwa nimeshamaliza vidole vitatu. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mtaa, na nyumba za upande wa pili zilikuwa zinatokea na kupotea, zinatokea na kupotea, kama jambo unalolikumbuka nusu. Ndani, Shangazi alikuwa anachemsha chai huku anaimba. Anaimba vibaya, kwa sauti kubwa, kama kawaida yake akishinda jambo.

Na jana alikuwa ameshinda kweli.

Shangazi yangu ni diwani. Ni dada mkubwa wa baba, nami nakaa kwake kwa sababu shule yangu iko karibu na hapa, na wazazi wako mji mwingine kikazi. Kata yake ina mitaa ya zamani inayomjua tangu akicheza kombolela, halafu ina huu mtaa wetu mpya. Huu ulijengwa na kampuni moja kwa mkupuo, nyumba mia mbili na kitu, zimepangwa safu kwa safu kama mayai kwenye trei. Zote rangi ya krimu. Zote dirisha kushoto, mlango katikati, ngazi mbili, bomba la mvua kulia. Ukisimama mwanzo wa safu ukatazama mpaka mwisho unapata kizunguzungu fulani kitamu, unahisi kama umesimama katikati ya vioo viwili.

Watu wa huku wote tumeshaingia nyumba isiyo yetu. Si aibu tena. Mwalimu wa hesabu wa safu ya tatu aliwahi kurudi amechoka, akavua viatu, akajilaza kwenye kochi. Alipoamka alikuta amefunikwa shuka, na mama mmoja asiyemjua anamuuliza, "Utakula sasa hivi au nikuwekee?" Mimi mwenyewe niliwahi kufungua friji la watu. Nilichoshangaa ni kwamba siku hiyo tulikuwa na soda.

Sasa, Shangazi ana namna yake ya kufanya kazi. Hapendi watu wapange foleni ofisini kwake kama wagonjwa. Kila Jumamosi anatoka na kiti cheupe cha plastiki, anachagua kona moja ya mtaa, anakaa, anasubiri. Jumamosi hii kona hii, Jumamosi ijayo kona nyingine. Watu wanamwita Diwani Kiti. Kiti nakibeba mimi. Nikishakiweka nasimama nyuma yake na daftari, naandika: nyumba, shida, tarehe. Taa ya barabarani inawaka mchana, usiku inalala. Lori la taka linapita saa kumi na moja alfajiri, watu wakitoka na ndoo limeshaondoka. Jirani anafuga mbwa anayebweka akiona jirani tu, wezi anawaacha.

Mimi sisemi sana. Sijui nieleze vipi. Maneno yanakuja, yanafika hapa kooni, yanaangaliana, yanaambiana tangulia wewe. Basi watu wanamuuliza Shangazi, "Diwani, huyu binti ni bubu?" Naye anajibu bila hata kugeuka, "Ana sauti nzuri tu. Anaitunza isichakae." Wengine wananipiga begani, wananiambia kimya kingi kina mshindo mkuu. Nasubiri. Mshindo wangu bado uko njiani.

Mwezi uliopita, Jumamosi ya kwanza, alikuja kwenye kiti dada mmoja fundi wa kushona, wa nyumba ya kumi na tatu safu ya tatu. Watu wanamwita Dada Cherehani. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni na barua mkononi. Nyuma yake alikuwa baba yake, mzee mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka juu. Huyo ni Babu Redio. Alikuwa fundi wa redio miaka arobaini. Ukimpa redio iliyokufa ataifungua na kukuambia ilikufa kwa ugonjwa gani. Lakini ukimuuliza leo ni siku gani, anatafuta mfukoni.

"Shikamoo, Diwani."

"Marahaba, mwanangu. Kaa… aah, kiti ni kimoja. Haya, mimi nasimama, mzee akae."

Babu Redio akakaa kwenye kiti cha diwani, akaweka mguu juu ya mguu, akawa kama yeye ndiye anayetusikiliza.

Dada Cherehani akaeleza. Babu anapenda kutoka. Kila asubuhi anakwenda kwenye duka lililo mwanzo wa safu, anakaa na muuza duka, wanasikiliza taarifa ya habari, wanabishana na msomaji. Kwenda hana tabu, duka linaonekana. Tabu ni kurudi. Nyumba zote zinafanana, na kichwa chake siku hizi kinavuja. Kwa hiyo miezi miwili iliyopita Dada alichukua rangi iliyobaki kwenye kopo, akapaka mlango wao bluu. Mlango mmoja wa bluu katika safu nzima ya krimu.

"Na ikasaidia?" Shangazi akauliza.

"Natafuta bluu, naingia," Babu akajibu mwenyewe. "Kama kutafuta stesheni. Unapita makelele, makelele, makelele, halafu muziki."

Sasa barua imekuja. Meneja wa kampuni anasema milango ni krimu kwa mujibu wa mkataba. Mwisho wa mwezi asipopaka mwenyewe, kampuni italeta mafundi wake wapake.

"Diwani, mlango ukirudi krimu itabidi nimfungie ndani," Dada akasema, na futi ikawa inajizungusha kwenye kidole chake. "Mimi nashinda kwenye cherehani, siwezi kumfuata kila akitoka. Na akifungiwa, namjua baba yangu. Hamalizi mwaka."

"Nani anafungiwa?" Babu akauliza.

"Kuku, baba."

"Tuna kuku?"

Shangazi akainamisha uso, sikujua anacheka au vipi. Babu akanigeukia mimi. Akaniangalia muda, kisha akasema, "Na hii redio hapa mbona haisemi?"

"Huyo ni karani wangu," Shangazi akamwambia.

"Iko hewani hii. Wameipunguza sauti tu." Akanyoosha vidole viwili karibu na sikio langu, akazungusha taratibu kitu kisichokuwepo, kama anaongeza. Nikacheka. Mimi huwa sicheki mbele za watu.

Niliandika: nyumba ya kumi na tatu, safu ya tatu, mlango. Kisha nikapiga mstari chini yake mara mbili, jambo ambalo huwa sifanyi.

Jumatatu tulikwenda kwa meneja, Shangazi na mimi, baada ya shule. Ofisi yake ina harufu ya zulia jipya. Katikati kuna meza, na juu ya meza, ndani ya kioo, kuna mtaa wetu mzima umetengenezwa kwa karatasi ngumu. Nyumba ndogo kama viberiti, miti ya sponji, hata watu wawili wa plastiki wameshikana mikono kwenye njia. Niliinama nikautazama kwa muda mrefu. Nikatafuta nyumba ya kumi na tatu. Nikahesabu nikapotea, nikahesabu tena nikapotea. Kule ndani hakukuwa na ukungu, na hakuna mtu aliyekuwa anarudi nyumbani.

"Mheshimiwa," meneja akawa anasema, "leo mtu anapaka mlango. Kesho atapaka paa. Keshokutwa atafuga ngamia."

"Ngamia hataingia kwenye ule mlango, ni mwembamba. Nipe mkataba nisome."

"Una kurasa sitini, Mheshimiwa."

"Mimi nimesoma bajeti ya halmashauri. Sitini ni kama kadi ya harusi."

Jioni tatu tulisoma ule mkataba kwenye meza ya kulia. Miwani ya Shangazi imekatika mguu, ameufunga kwa uzi, kwa hiyo mimi ndiye nasoma kwa sauti. Kwa Shangazi sauti yangu inatoka. Nilisoma kuhusu maji, mifereji, kelele, kutotundika kitu chochote mbele ya nyumba, mpaka macho yakaanza kuogelea. Jioni ya tatu nikafika kifungu cha thelathini na moja: milango ya safu moja itakuwa na rangi moja, na rangi hiyo inaweza kubadilishwa kwa kura ya wakazi wengi wa safu husika.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

Shangazi akasimama, kiti kikaanguka nyuma. "Wengi wape!" akapiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. "Wengi wape, mwanangu! Wamejifunga kwa kamba yao wenyewe!"

Jumamosi iliyofuata kiti kiliwekwa katikati ya safu ya tatu, na watu wa nyumba zote ishirini na mbili wakaitwa. Ulikuwa mkutano wa kuchekesha. Nesi wa nyumba ya kwanza alitaka zambarau. Mwalimu wa hesabu alitaka kujua kama kura ya mume na mke ni moja au mbili. Mzee mmoja akauliza, "Bluu ya nini, sisi samaki?" Mke wake akamjibu, "Wewe ni kambare, nyamaza upige kura." Shangazi akawaambia habari ya Babu Redio, kwamba yeye anataka jambo moja tu, kutoka na kurudi. Watu wakanyamaza. Hapo nikawaona wanavyopendeza wakinyamaza wote pamoja. Mikono kumi na tisa ikaenda juu. Niliihesabu mara mbili. Dada Cherehani alifunika mdomo kwa futi yake akalia.

Meneja alisoma karatasi ya kura, akasoma kifungu, akasoma tena karatasi. "Kisheria," akasema, "hakuna tatizo."

Basi jana tulipaka.

Nikikumbuka jana naiona kama ndoto ambayo mtu mwingine alinihadithia. Jua lilikuwa la upole. Fundi rangi wa nyumba ya ishirini alileta ndoo na brashi, akatufundisha kuvuta rangi kwenda upande mmoja, usirudirudi kama mtu anayefagia. Watoto walikuwa na madoa ya bluu puani. Mtu alitoa spika dirishani, Shangazi akawa anaimba na brashi juu kama fimbo ya kwaya. Tulianzia nyumba ya kwanza, tukaenda ya pili, tukaenda ya tatu. Milango ilikuwa inafunguka mmoja baada ya mwingine, vipande vya anga vimesimamishwa wima.

Tulipomaliza wa nane nilirudi dukani kuchukua maji ya kunywa. Nikiwa natoka na chupa, nikasimama mahali pale pale anaposimama Babu Redio akitaka kurudi nyumbani. Nikatazama safu.

Bluu. Bluu. Bluu. Bluu.

Nilielewa palepale. Babu hakuwa anatafuta bluu. Alikuwa anatafuta ule mlango ambao si kama mingine.

Nikarudi mbio kidogo, halafu nikatembea, halafu nikasimama nyuma ya Shangazi. Alikuwa anaimba. Dada Cherehani alikuwa anacheka na nesi, kwa mara ya kwanza tangu nimjue mabega yake yameshuka. Watu wazima ishirini, mwalimu wa hesabu yumo, fundi yumo, diwani yumo. Nikajiambia wao wameshafikiria. Pengine Babu ataizoea. Mimi ni nani? Maneno yakafika kooni, yakaangaliana. Nikafungua daftari, nikaandika pembeni kwa penseli, herufi ndogo: *Babu atajuaje?* Kisha nikachukua brashi nikapaka mlango wa tisa.

Hiyo ndiyo rangi niliyokuwa naitoa kwenye kucha leo asubuhi.

Nikiwa kwenye kidole cha nne, mtu alikuja anakimbia kutoka kwenye ukungu. Alikuwa Dada Cherehani, kanga moja, nywele zinadondosha maji.

"Baba yuko kwenu?"

Wimbo wa jikoni ukakatika.

Babu alikuwa ametoka saa kumi na mbili na nusu kwenda dukani. Muuza duka alisema ndiyo, alikuja, walisikiliza habari, saa moja akaaga. Hakufika nyumbani. Tukaanza kuuliza mlango kwa mlango, na kila mlango ukawa na kipande chake cha habari.

Nesi wa nyumba ya kwanza, macho mekundu, alikuwa ametoka zamu: "Alinigongea. Nikamwambia babu, siyo hapa, ni mbele."

Wa nyumba ya tatu: "Hata kwangu. Nilikuwa na nguo ya kulalia, nikamwambia kupitia dirishani, mbele, babu, mbele."

Mwalimu wa hesabu, nyumba ya nane: "Kwangu aliingia kabisa. Akaniuliza kwa nini nimehamisha saa ya ukutani. Tukacheka, nikamwambia mbele kidogo. Nilidhani anahesabu."

Wa kumi na mbili: "Nikamwambia huo unaofuata, babu. Huo hapo!"

Dada Cherehani alikuwa amesimama katikati ya njia. "Nilisikia hodi," akasema taratibu. "Nilikuwa bafuni. Nikasema nakuja, baba. Nilipofungua hapakuwa na mtu."

Alikuwa amefika. Amegonga mlango wake mwenyewe, hakufunguliwa, akaendelea mbele.

Watu wakatawanyika wakiita. Shangazi alishika upande wa barabara kuu, sauti yake ilikuwa inapasua ukungu, "Babuuu! Babu Rediooo!" Mwalimu akaenda kwenye mitaa ya zamani, nesi akaenda kwenye mtaro. Kila mtu alikuwa anaita. Mimi kuita siwezi. Nilijaribu, ikatoka hewa tu. Kwa hiyo nikafikiria. Nyumba ya kwanza walimwambia mbele. Ya tatu mbele. Ya nane mbele. Babu ni fundi, ukimpa maelekezo anayafuata. Basi na mimi nikaenda mbele.

Baada ya mlango wa ishirini na mbili safu inaisha. Kuna uwanja wenye majani marefu, halafu nyumba ambazo kampuni bado inajenga. Leo hakuna kazi, ni Jumapili. Kuta tupu, hazina paa, na ukungu ulikuwa umeingia ndani yake umekaa kama mpangaji. Viatu vyangu vililowa. Nilipita nyumba moja, mbili, tano. Dirisha kushoto. Mlango katikati, ila hapakuwa na mlango, palikuwa na tundu lenye umbo la mlango.

Kwenye ya saba nilikuta kiatu kimoja ngazini. Ndani, juu ya tofali mbili, alikuwa amekaa Babu Redio, shati limefungwa vifungo mpaka juu, suruali imelowa na goti moja linatoka damu kidogo.

"Karibu," akaniambia. "Ingia tu. Mlango wameubeba."

Nikaingia. Nikakaa kwenye mfuko wa mchanga, karibu naye.

"Nani kaubeba, Babu?"

"Sijui. Nimerudi nimekuta tundu. Nikasema nikae hapa, mwizi asije akaingia." Akaangalia juu, pasipo na paa. "Na dari wameibeba."

"Umekaa sana?"

"Tangu habari." Alikuwa anatetemeka. Nikavua sweta langu nikamfunika mabega. Halafu akasema kitu ambacho tangu asubuhi nakisikia: "Kila nyumba wananiambia siyo hapa, siyo hapa. Nimefika hii, hakuna aliyeniambia siyo hapa. Nikasema basi, ndiyo hapa."

Kwa mbali watu walikuwa bado wanaita jina lake. Nilitaka kujibu. Nikatoka nje, nikaokota kipande cha nondo, nikagonga pipa la maji la mafundi kwa nguvu zangu zote. Nikagonga, nikagonga, mikono ikafa ganzi.

"Hiyo stesheni gani?" Babu akauliza kutoka ndani.

Walikuja. Dada Cherehani ndiye wa kwanza. Alipiga magoti akafunga goti la baba yake kwa pindo la kanga, akamvalisha kiatu, kama anamvalisha mtoto wa shule. Tukarudi wote, Babu katikati. Tulipofika mwisho wa ile safu kila mtu aliiona. Niliwaona wanavyoiona. Fundi rangi alivua kofia. Mwalimu akasema, "Lahaula," kwa sauti ya chini.

Kwenye ngazi ya nyumba ya kumi na tatu Dada akamwingiza baba yake, akageuka.

"Diwani, umeshinda. Hongera."

"Mwanangu, nisikilize…"

"Kifungu ulikipata. Kura walipiga. Rangi imekaa vizuri, fundi ni fundi kweli."

"Tutarekebisha. Tutatundika kitambaa mlangoni, kengele, kitu chochote."

"Mkataba unakataza kutundika kitu. Mtapiga tena kura?" Akatabasamu, na lile tabasamu lilikuwa baya kuliko kilio. "Watatundika wote. Hawa watu wananipenda, Diwani. Watatundika wote ishirini na mbili." Akashika komeo. "Sina ugomvi na wewe. Ila kuanzia leo hatoki. Bora anikasirikie ndani kuliko nimtafute kwenye tofali."

Mlango ukafungwa. Tukasikia komeo, kisha kitasa, kisha kitu kizito kinaburutwa. Nadhani ilikuwa cherehani.

Nyumbani Shangazi hakugusa chai. Alikaa, mikono mezani, akawa mdogo. Sijawahi kumwona mdogo. Nikamwekea daftari mbele yake, limefunguka ukurasa wa jana, nikamwonyesha kwa kidole. Alisogeza miwani yenye uzi, akainama karibu kabisa.

"Babu atajuaje," akasoma. "Hii uliandika lini?"

"Tulipomaliza mlango wa nane."

"Wa nane? Bado kumi na minne?"

"Ndiyo."

"Na ukaniandikia kwa penseli? Pembeni?" Sauti ilianza kupanda, nikajua sasa nachapwa na maneno. "Mtoto wewe, mimi nimesimama hatua mbili kutoka kwako! Ungenivuta gauni! Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unaimba."

Alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akavua miwani, akajifuta uso kwa upindo wa mtandio.

"Ni kweli," akasema. "Nilikuwa naimba." Na baadaye, akiwa amenipa mgongo anaosha vikombe ambavyo hatukuvitumia: "Wewe uliona, hukusema. Mimi nilisema, sikuona. Sasa yule mzee amefungiwa kwa kosa la nani kati yetu?"

Nikavaa viatu vyangu vilivyolowa, nikaenda dukani.

Muuza duka alikuwa anapanga sabuni. Redio ilikuwa inaongea peke yake, na stuli ya Babu ilikuwa tupu pembeni. Nilisimama pale mpaka wateja wawili wakaisha. Nilikuwa nimeipanga sentensi yangu njiani, kutoka mlango wa mwisho mpaka wa kwanza, neno moja kwa kila mlango.

"Nikimleta Babu saa kumi na mbili na nusu kabla ya shule, utakaa naye mpaka nitoke shule nimrudishe?"

Sabuni ikabaki mkononi mwake. "Kumbe unaongea!"

Nikangoja.

"Nitakaa naye," akasema. "Mchana atakula ninachokula. Kwanza sina mtu wa kubishana naye. Lakini si mimi wa kuombwa, binti. Ni yule dada."

Najua. Ndiyo maana jioni nilipita mbele ya ile nyumba mara tatu, na mara zote tatu mkono wangu ulifika karibu na mlango ukarudi. Ndani nilisikia cherehani inakwenda haraka haraka, na juu ya cherehani sauti ya Babu inauliza kitu kilekile, nitoke saa ngapi, nitoke saa ngapi. Nikaondoka. Namba yake ninayo, aliniandikisha mwenyewe siku ile ya barua.

Nimeandika nikafuta. Nimeandika tena. Shangazi amesoma juu ya bega langu, hakusahihisha kitu, ameniwekea mkono kichwani akaenda kulala. Kisha nimetuma:

"Shikamoo Dada. Mimi ni yule wa daftari la Diwani. Jana niliona kabla milango haijaisha na sikusema. Naomba unisamehe. Naomba pia nije kesho saa kumi na mbili na robo nimchukue Babu. Nitamshika mkono mpaka dukani, muuza duka amekubali kukaa naye, na nikitoka shule nitamrudisha mwenyewe mpaka ndani. Kila siku, siyo kesho tu. Nitabisha hodi. Tafadhali usimfungie."

Imefika. Ameisoma, naona. Saa imepita, na nyingine inaelekea kupita. Sare yangu nimeipiga pasi, kengele ya simu nimeitega saa kumi na moja na nusu. Bado hajajibu.